UZI: Mlango wa kazi ndio unaoamua. Wahamiaji, tamaduni na uchumi unaobadilika Kanada, Australia na Marekani

Mzani_wa_Hoja

Wakuu, heshima kwenu. Mada ya wahamiaji ikiguswa, haichukui muda tunajikuta kwenye vilemba, mapishi na nyumba za ibada. Hayo yapo, na yanaonekana haraka kwa kuwa yako juu. Chini yake kuna swali ambalo kwangu ndilo linalobeba mzigo wote: huyu mgeni aliingia kwenye uchumi kwa mlango gani, na je, mlango huo bado upo?

Tuanze na Australia. Sheria ya 1901 ilimruhusu ofisa wa bandarini kumpa mgeni imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua yeye ofisa. Asiyetakiwa alipewa lugha asiyoijua, akafeli, akarudishwa. Imla iliondolewa 1958, na mabaki ya sera ya kuwabagua wasio weupe yakafutwa 1973 chini ya waziri mkuu Gough Whitlam. Lakini kilichoanza kuifungua nchi ni njaa ya vibarua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 1947 walichukuliwa takriban watu 170,000 kutoka kambi za wakimbizi za Ulaya, kwa sharti la kufanya kazi waliyopangiwa kwa miaka 2. Aliyekuwa daktari kwao alikabidhiwa koleo. Mradi wa umeme wa maji wa Snowy Mountains, 1949 hadi 1974, ulipitisha wafanyakazi zaidi ya 100,000 kutoka nchi zaidi ya 30.

Marekani iliweka mgawo wa wahamiaji kwa nchi ya asili mwaka 1924 na ikauvunja 1965, ikitanguliza undugu: mwenye uraia anamwita mzazi, mke, ndugu. Kanada ilileta mfumo wa pointi 1967, kisha sera ya tamaduni nyingi 1971. Matokeo yake leo: sensa ya 2021 Kanada ilikuta 23.0% ya watu walizaliwa nje, juu kuliko rekodi ya 22.3% ya mwaka 1921. Australia mwaka huohuo 27.6%. Marekani ilishuka hadi 4.7% mwaka 1970, na kufikia 2023 ilikuwa karibu 14%.

Kwa hiyo mtu wa kijiji kilekile anaweza kusifiwa kama mtaalamu Toronto na kulaumiwa kama mzigo kwingine. Utamaduni wake haukubadilika njiani. Kilichobadilika ni kichujio kilichompitisha na kazi iliyomsubiri. Karibuni tuijadili kwa data.

Kokotoa

Mkuu Mzani, umeanza vizuri. Niwawekee kichujio cha Kanada kwa namba, maana wengi wanakisikia bila kukipigia hesabu.

Mpango wa wafanyakazi stadi wa serikali kuu unataka pointi 67 kati ya 100: lugha 28, elimu 25, uzoefu 15, umri 12, ajira iliyokwisha kupangwa 10, na uwezo wa kuzoea nchi 10. Chukua mtu wa miaka 33 mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka 4, hana ndugu wala ajira huko. Shahada 21, uzoefu 13, umri 12, jumla 46. Akipata kiwango cha lugha cha 7 kwenye stadi zote nne anaongeza 16, anafika 62, yuko nje. Akipata kiwango cha 9 anaongeza 24, anafika 70, yuko ndani. Lugha peke yake ndiyo iliyomvusha.

Hapo bado hajaitwa. Tangu Januari 2015 anaingia kwenye kapu la Express Entry, yaani orodha ya wanaosubiri kualikwa kuomba ukazi wa kudumu, ambako kuna mizani nyingine yenye ukomo wa 1,200. Humo ndimo nusu alama inamwangusha mtu. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, kiwango cha 9 ni kusikiliza 8.0, kusoma 7.0, kuandika 7.0, kuzungumza 7.0. Ukipata 7.5 kwenye kusikiliza, umeshuka hadi kiwango cha 8 kwa stadi hiyo moja. Unapoteza pointi 8 za stadi yenyewe (31 inakuwa 23). Kisha zile pointi za mchanganyiko zinataka 9 kwenye stadi zote nne: lugha pamoja na shahada inashuka kutoka 25 hadi 13, na lugha pamoja na uzoefu wa nje wa miaka 3 inashuka kutoka 50 hadi 25. Jumla pointi 45 zimekwenda kwa nusu alama moja. Umri nao haumsubiri mtu: miaka 20 hadi 29 ni pointi 110 kwa asiye na mwenza, miaka 40 ni 50, miaka 45 ni sifuri.

Kwa hiyo anayeshauri mtu, amwambie arudie mtihani wa lugha kabla hajaanza kuhangaika na shahada ya pili. Matokeo ya lugha yanaisha nguvu baada ya miaka 2, tathmini ya vyeti miaka 5. Akiitwa ana siku 60 za kuwasilisha kila kitu, na kinachochelewesha wengi ni hati ya polisi kutoka kila nchi waliyokaa miezi 6 au zaidi. Wapo pia wanaolipia barua za ajira wakidhani zinawaongezea pointi. Pointi za ajira kwenye kapu hilo ziliondolewa Machi 2025.

Sasa rudini kwenye hoja ya Mzani. Kichujio hiki kinapitisha vijana, wasomi, wenye Kiingereza au Kifaransa kizuri. Wakanada wanapowasifu wageni wao, wanasifu kwa sehemu kubwa matokeo ya hesabu hii.

Nyuzi_Saba

Mkuu Kokotoa, hapo ndipo ninapokwama. Kama wanachagua wasomi kwa ukali huo, kwa nini tunasikia kila siku madaktari wanaendesha teksi Toronto?

Bint_Sheria

Ndugu Nyuzi, kwa sababu anayekupa pointi si yule anayekupa leseni. Pointi zinatolewa na serikali kuu. Leseni za taaluma ziko mikononi mwa bodi za kila jimbo, na bodi haikushiriki kukuchagua. Unaingia nchini ukiwa na pointi za udaktari, na hospitalini hakuna anayezitambua.

Njia ya daktari iko hivi. Kwanza vyeti vinathibitishwa na chuo chenyewe kilichovitoa, na hatua hii hukaa miezi mingi pale chuo kinapochelewa kujibu. Pili, mtihani wa Baraza la Tiba la Kanada, sehemu ya kwanza. Tatu, mtihani wa vitendo wa kitaifa kwa waliosoma nje. Nne, nafasi ya mafunzo hospitalini, miaka 2 kwa udaktari wa familia na zaidi kwa ubingwa. Shingo ya chupa ni hiyo ya nne: nafasi zilizotengwa kwa waliosoma nje ni chache mno, na zinakuja na mkataba wa kutumikia maeneo yenye uhaba. Wenye uzoefu wa kujitegemea wana njia fupi katika majimbo kadhaa, ya kupimwa kazini kwa wiki 12 chini ya usimamizi.

Kinachoharibu zaidi ni muda. Daktari anachukua kazi yoyote apate kodi ya nyumba, anaahirisha mtihani, miaka inapita. Akirudi kuomba anaulizwa mara ya mwisho alitibu lini. Pengo hilo linamwondoa hata kama mitihani ameifaulu. Anayekwenda huko aanze uthibitisho wa vyeti na mtihani wa kwanza akiwa bado kazini kwao.

Wahandisi wamepata nafuu. Ontario ilipiga marufuku sharti la uzoefu wa Kanada kwa taaluma nyingi zenye leseni kwa sheria ya 2021, na bodi ya wahandisi ya jimbo ikaliondoa Mei 2023. Sharti lile lilikuwa fumbo lisilo na jibu: hupewi kazi bila uzoefu wa Kanada, na uzoefu huo haupatikani bila kazi.

Na leseni siyo ukuta pekee. Mwanauchumi Philip Oreopoulos alituma maelfu ya wasifu wa kazi kwa waajiri wa Toronto na vitongoji vyake. Wenye majina ya Kiingereza waliitwa kwa 40% zaidi ya wenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani, hali elimu na uzoefu vyote vilikuwa vya Kanada. Hapo hakuna pointi zinazosaidia.

Fundi_Mitambo

Da Bint amesema vema, lakini tusiwasahau ambao hawakuwa na cheti chochote. Hao waliingia kwa mlango wa kiwanda.

Kiwanda cha Ford cha Broadmeadows, kaskazini mwa Melbourne, kilianza 1959 na kikajazwa Waitaliano, Wagiriki, Waturuki, Wayugoslavia. Mwaka 1973 walifanya mgomo mkubwa, na kilichowachoma zaidi ya mshahara ni kasi ya mstari wa kuunganisha magari na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Chama cha wafanyakazi kilipotangaza warudi kazini mwezi Juni, walikataa, vioo vikavunjwa. Viongozi wa chama walikuwa wanazungumza Kiingereza, wanachama wengi hawakukielewa vizuri. Chama kikajifunza kwa gharama kubwa kwamba mkutano usio na mkalimani haujafanyika.

Mstari wa kiwanda una tabia moja ambayo wanasera hawakuitilia maanani: haukudai lugha. Kelele ni kubwa, kazi ni ileile, jirani yako ni wa kwenu, nyapara anaonyesha kwa mkono. Mtu anamaliza miaka 25 na maneno machache ya Kiingereza, na nyumba ameilipia. Mambo yanakwenda hadi siku geti linapofungwa. Ford ilifunga Oktoba 2016, Toyota ya Altona na Holden ya Elizabeth zikafunga Oktoba 2017. Kazi mpya zilizobaki mjini zilikuwa za kuhudumia wazee, za maghala na za vituo vya kupokea simu, na zote zinadai kusoma maelekezo na kuandika ripoti.

Australia ilikuwa na mafunzo ya Kiingereza kwa wahamiaji tangu 1948. Lakini kwa miaka mingi ukomo ulikuwa saa 510, na ilibidi uyachukue mapema baada ya kufika, wakati uleule mtu anapotafuta zamu mbili. Ukomo huo uliondolewa Aprili 2021, miaka minne baada ya viwanda kufungwa. Hilo linaniuma. Fedha ya kujifunza lugha inatakiwa imfuate mtu hadi kiwandani, ndani ya saa za kazi, kabla geti halijafungwa.

Nyuzi_Saba

Na mishahara ya wazawa? Mgeni anayekubali malipo kidogo si anawashusha wengine?

Kokotoa

Swali zito hilo, na wachumi wamelipigania miaka zaidi ya 30 juu ya mji mmoja. Mwaka 1980 takriban Wakuba 125,000 walivuka kwa boti kutoka bandari yao ya Mariel kwenda Marekani. Nguvukazi ya Miami iliongezeka kwa 7% ndani ya miezi michache. David Card aliangalia mishahara ya wasio na ujuzi mkubwa (1990) na hakuona ikishuka ukilinganisha na miji mingine. George Borjas alirudia akiwachukua wanaume wasiomaliza sekondari, akiwaondoa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, akaona anguko la 10% hadi 30%. Wakosoaji wakaonyesha kwamba kundi lake lilibaki na watu wachache mno kwa mwaka, na kwamba miaka hiyohiyo utafiti wa serikali ulianza kuwafikia wanaume weusi wengi zaidi, ambao tayari walikuwa wanalipwa kidogo. Mimi naegemea kwa Card, lakini anayesema hakuna hata mmoja aliyeumia anapita kiasi. Aliye karibu zaidi kuumia ni mgeni aliyetangulia, maana ndiye anayefanya kazi ileile.

Ukitaka kuona mambo kinyumenyume, tazama mashamba ya California. Mpango wa Bracero ulioleta vibarua wa Meksiko tangu 1942 ulisitishwa mwishoni mwa 1964 kwa matumaini kwamba mishahara ya Wamarekani itapanda. Haikupanda kwa namna inayoonekana. Wakulima wa nyanya walihamia kwenye mashine. Chuo kikuu cha Davis kilikuwa na mbegu ya nyanya ngumu isiyopasuka na mashine ya kuvunia, vyote vimetayarishwa pamoja, na ndani ya miaka michache karibu nyanya zote za kusindika zikawa zinavunwa hivyo. Mazao yasiyokuwa na mashine yalipunguzwa. Mwajiri naye ana njia zake mkononi: anabadili mashine, zao au aina ya biashara. Hesabu inayomwona amekaa tu akisubiri bei ya kibarua ipande itakosea.

Kibubu_Imara

Nawaongezea mlango mwingine, wa biashara ndogo. Wavietnam na kucha, Marekani. Mwaka 1975 mwigizaji Tippi Hedren alimpeleka mtaalamu wake wa kucha kuwafunza wanawake 20 wakimbizi katika kambi ya Hope Village karibu na Sacramento. Leo Wavietnam ni takriban nusu ya wafanyakazi wa kucha nchi nzima, na California ni wengi zaidi. Kwa nini kucha na siyo nywele? Tazameni leseni. California ilidai saa 400 za mafunzo kwa kucha, wakati urembo kamili ulidai 1,600, na mtihani ukaja kutolewa kwa Kivietnam pia. Linganisheni na ngazi za daktari alizozieleza Da Bint. Huwezi kusema watu hao wana kipaji cha asili cha kucha. Mlango ulikuwa mfupi, wakaingia.

Mtaji wa duka ulitoka wapi kwa mtu ambaye benki haina historia yake ya mikopo? Upatu. Wavietnam na Wachina wana hui, Wakorea kye, Wasomali hagbad, watu wa Karibi susu, Wameksiko tanda. Ule wa kawaida unafahamika: watu 20, dola 500 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba 10,000. Wa Kivietnam mara nyingi una mnada. Mwezi wa kwanza mwenye shida anasema nakubali kila mmoja apunguziwe 60 kwenye mchango wake. Wenzake 19 wanatoa 440, anabeba 8,360. Tangu hapo analipa 500 kamili kwa miezi 19, jumla 9,500. Gharama yake ni 1,140. Anayesubiri hadi mwisho alikuwa anatoa pungufu kila mnada, na anabeba 9,500. Ni benki kamili, ina mkopaji na mwekaji.

Unapovunjika, huvunjika kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana: aliyebeba mapema anatoweka. Ndiyo maana mkuu wa mchezo huwapa zamu za mwanzo waliokwisha kucheza mizunguko miwili mitatu, au wenye duka lisilohamishika, na mgeni anawekwa nyuma. Ya pili ni mbaya zaidi na watu hawaizungumzi: wote wako kwenye kazi moja. Saluni zilipofungwa kwa amri mwaka 2020, wachangiaji wote walikosa fedha mwezi uleule. Upatu wa watu wa sekta moja haugawanyi hatari, unairundika. Anayeupanga achanganye wenye mshahara wa mwezi na wenye maduka.

Tahadhari nyingine: Marekani benki inaripoti fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 kwa siku. Ripoti yenyewe si kosa. Kuzigawa makusudi zisiripotiwe ndiko kosa la jinai, na watu wasio na hatia wamenaswa hapo kwa kudhani wanaepuka usumbufu.

Mzani_wa_Hoja

Mkuu Kibubu, hiyo ya hatari kurundikana inaeleza mengi. Jamii nzima ikiwa mlango mmoja, sekta ikianguka watu wanaona kabila limeanguka.

Niongeze na Kanada ya karibuni, maana hapo mlango uliharibika bila mtu kuubomoa. Ontario ilipunguza ada za wanafunzi wa ndani kwa 10% mwaka 2019, kisha ikazigandisha. Vyuo vikaziba pengo hilo kwa wanafunzi wa nje, ambao ada yao haina ukomo. Kibali cha masomo kikageuka njia ya kupata wafanyakazi wa zamu. Mwaka 2023 idadi ya watu iliongezeka kwa 3.2%, karibu yote kutokana na wahamiaji, na wengi wao wa muda, ambao hawakupita kwenye zile pointi 67. Nyumba hazijengwi kwa kasi hiyo popote. Mwaka 2024 serikali ikafunga kwa nguvu: vibali vya masomo vikapunguzwa kwa takriban 35%, akiba ambayo mwanafunzi anatakiwa kuonyesha ikapanda kutoka dola 10,000 hadi 20,635, na Oktoba lengo la wakazi wa kudumu wa 2025 likashushwa kutoka 500,000 hadi 395,000. Lawama za kodi ya nyumba zikamwangukia kijana aliyelipa ada mara kadhaa ya ile ya mwenzake darasani. Chanzo kilikuwa bajeti ya vyuo.

Bint_Sheria

Nakubaliana. Na niseme kuhusu mji mdogo, kwani huko mambo huonekana wazi kuliko Toronto. Lewiston, jimbo la Maine, una watu kama 37,000. Viwanda vyake vya nguo viliendeshwa kwa mikono ya Wakanada wanaozungumza Kifaransa. Maine ilipitisha sheria 1919 kwamba shule za umma zifundishe kwa Kiingereza, na wazee wao waliadhibiwa kwa kusema Kifaransa. Viwanda vikafa, vijana wakaondoka, nyumba zikabaki tupu. Kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuhamia, wakivutwa na hizo nyumba za bei nafuu na utulivu. Oktoba 2002 meya akaandika barua ya wazi kuwataka wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kikaja kuandamana, na wenyeji maelfu wakakusanyika upande wa pili kuwapinga. Maduka ya Lisbon Street yaliyokuwa yamefungwa yakafunguliwa.

Tofauti na Broadmeadows ni kwamba hawa walifika kiwanda kikiwa kimekwisha kufungwa. Hakukuwa na mstari wa kuwapokea bila lugha. Ndiyo maana kazi ngumu ya miaka ile iliangukia shule na hospitali.

Nyuzi_Saba

Sasa mji mdogo kama huo, ukitaka kuanza na jambo moja tu, uanze na lipi?

Fundi_Mitambo

Ukalimani, ndugu yangu, na wa simu, maana mji mdogo hauwezi kuajiri mkalimani kwa kila lugha. Australia ilianza huduma hiyo 1973. Hadi leo namba ni 131 450, lugha zaidi ya 150, usiku na mchana. Utaratibu wake: mhudumu anapiga, anataja lugha, na kama lugha ina lahaja zinazotofautiana anataja na lahaja. Anampa mkalimani muktadha kwa sentensi moja kabla ya kumuunganisha mgonjwa. Anazungumza na mgonjwa mwenyewe, "unaumwa wapi," siyo "muulize anaumwa wapi." Anasimama kila baada ya sentensi mbili. Mwishoni anamtaka mgonjwa arudie maelekezo ya dawa kwa maneno yake, kwani "ndiyo" pekee haithibitishi kitu.

Linaloharibu mara nyingi ni kumtumia mtoto wa nyumbani. Mtoto anajua Kiingereza cha shule, hajui jina la ugonjwa kwa lugha ya mama yake, na habari mbaya ataificha au ataipunguza makali. Jamii ndogo nayo ina tatizo lake: mkalimani wa ana kwa ana anaweza kuwa jirani, na mgonjwa atanyamaza. Hapo omba mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, na usimtaje mgonjwa kwa jina.